Kabla ya kulala kwenye mnara wa taa, uliza maji yanatoka wapi

Kazi yangu ni kufufua minara ya taa ya zamani iwe mahali pa kulala wageni, na sehemu yangu hasa ni maji, hewa na umeme. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama nyumba fulani ya mnarani, iliyotangazwa kuwa rafiki wa mazingira, ni rafiki kweli. Anayeuliza mara nyingi ameshaona picha yenye paneli za sola juu ya paa, akaridhika. Mimi paneli huziangalia mwisho. Natangulia kuuliza maji yanatoka wapi, hewa inapita wapi, na cha chooni kinaishia wapi. Mwenye nyumba anayejibu hayo matatu bila kubabaika, mengine huwa ameshayapanga.

Mnara ulio peke yake kwenye mwamba au rasi kwa kawaida haukujengwa ukiwa na bomba wala waya wa kutoka mjini. Ulijengwa pale meli zinapovunjika, mbali na makazi ya watu. Watunza taa walikinga mvua, walilima mboga nyuma ya ukuta wa kuzuia upepo, wakangoja boti ya mahitaji. Kisha taa zikaanza kujiendesha. Uingereza watunza wa mwisho waliondoka mnara wa North Foreland mwaka 1998. Majengo yakafungwa, na naamini kufungwa huko kumeharibu minara mingi kuliko dhoruba. Kwa hiyo anayekarabati afufue kwanza ile mipango ya zamani, vya kisasa vifuate.

Hesabu ya maji ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja. Paa la mita za mraba 120, mahali panapopata milimita 800 kwa mwaka, lina lita 96,000 kwenye karatasi. Toa moja ya tano kwa yanayopeperushwa na upepo, yanayofurika na yanayomwagwa kusafisha paa, unabaki na kama lita 77,000, yaani lita 210 hivi kwa siku. Wageni wanne wakioga kama walivyozoea mjini, maji ya siku nzima yamekwisha asubuhi. Tena mvua hainyeshi kwa mgao sawa, kwa hiyo ukubwa wa tangi hupangwa kwa kuangalia miezi ya kiangazi. Ndiyo maana East Brother, kituo cha taa cha mwaka 1874 kwenye kisiwa kidogo karibu na San Francisco, kimekuwa na sharti kwamba bafu ni la wanaolala zaidi ya usiku mmoja. Wapo wanaokwazika na sharti la namna hiyo. Mimi hunipa imani, kwa sababu mwenye nyumba anajua tangi lake lina nini.

Usafi wa maji hayo unahitaji jicho kali zaidi. Paa la pwani hukusanya chumvi na kinyesi cha ndege siku zote za jua, na mvua ya kwanza hushuka nayo. Maji hayo hayatakiwi kuingia tangini. Kifaa cha kuyazuia ni bomba la wima lililoungwa kwenye mfereji wa paa: maji ya mwanzo huingia humo, mpira ulio ndani huelea na kupanda nayo, bomba likijaa unaziba mdomo, ndipo maji yanayofuata yanapopita kwenda tangini. Chini yake kuna tundu dogo linalodondosha maji polepole ili bomba liwe tupu kabla ya mvua nyingine. Ukifika, litafute tundu hilo. Nikikuta limezibwa na matope najua tangi limekuwa likipokea uchafu, hata kama ndani kitanda kimetandikwa kwa shuka za pamba ya asili.

Kuna pia rangi. Minara mingi ilipakwa kwa miongo mingi rangi yenye madini ya risasi, na maji ya mvua, kwa kuwa ni laini na yana asidi kidogo, huyeyusha risasi kwa urahisi. Kuchemsha hakuiondoi. Maji ya kunywa yanayokingwa kwenye jengo kuukuu ni lazima yapimwe maabara, na mgeni ana haki ya kuomba kuona majibu.

Hewa ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, na ndiyo inayoharibiwa na wakarabati wenye nia njema. Kilo moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja ya maji kwa umbo la mvuke. Mvuke huo ukibaki kwenye chumba cha taa, vioo hulowa na mwanga haufiki baharini. Wajenzi wakaweka matundu ya kufungua na kufunga kwenye ukuta ulio chini ya vioo, na juu kabisa ya kuba wakaacha tundu lililofunikwa na tufe la chuma. Mlango wa chini ukiachwa wazi kidogo, mnara mzima ulivuta hewa kama dohani. Ilipokuja taa ya umeme matundu yakaonekana hayana kazi, yakazibwa. Siku hizi mvuke unatoka kwa wageni: pumzi zao, mapishi, bafu, nguo zinazoanikwa ndani. Unapanda na ngazi, unakutana na kioo baridi, unarudi ukutani ukiwa maji.

Nikiingia mnara uliozibwa hupitisha kiganja kwenye ukuta karibu na ngazi za juu, upande usiopigwa na jua. Rangi inakuwa imevimba. Ukiibonyeza inapasuka na unga mweupe unamwagika. Unga huo ni chumvi. Maji yakikauka ndani ya jiwe, chumvi yake hugeuka fuwele, na fuwele zikikua hubandua uso wa jiwe tabaka kwa tabaka. Kupiga plasta ya saruji na rangi ya plastiki juu yake ni kufungia maji ndani yaendelee na kazi hiyo. Dawa ni chokaa, ambayo huruhusu ukuta kukauka, pamoja na kuyafungua matundu. John Smeaton, aliyejenga mnara wa Eddystone uliowashwa mwaka 1759, alifanya majaribio mengi kupata chokaa inayoshika hata ndani ya maji. Mnara wake ulikuja kuondolewa kwa kuwa mwamba uliokuwa chini yake ulikuwa ukiliwa na bahari, na sehemu yake ya juu bado imesimama nchi kavu, mjini Plymouth, Uingereza.

Ukilala penye lenzi ya zamani, usifungue mapazia ya chumba cha taa mchana kwa ajili ya picha. Lenzi ya Augustin Fresnel, iliyowekwa kwanza Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823, hukusanya mwanga na kuutupa mbali. Jua likiingia kutoka nje hukusanywa vivyo hivyo kuelekea ndani, na linaweza kuwasha moto. Lenzi kubwa nyingi zilikuwa zikielea juu ya zebaki ili zizunguke kwa wepesi. Kama zebaki haijaondolewa, chumba hicho kisiwe cha wageni.

Kuhusu umeme nitasema kidogo. Taa za LED, simu na friji ndogo hazilemei betri. Birika la umeme la wati 2,000 na kikausha nywele ndivyo vinavyozima nyumba nzima usiku, kwa hiyo maji ya moto yatoke kwenye jua au jikoni kwenye gesi.

Choo juu ya mwamba hakina udongo wa kunyonya maji machafu, na kumwaga baharini ni kosa lisilosameheka. Choo cha mboji kinachotenganisha mkojo, kinachopewa vumbi la mbao kila kinapotumika na chenye bomba refu la kutoa hewa hakinuki. Mfano ninaoupenda ni Chumbe, kisiwa chenye mnara wa mwaka 1904 karibu na Unguja. Nyumba ya mtunza taa iliyokuwa gofu ilifufuliwa ikawa kituo cha wageni, na nyumba za kulala zinakinga mvua, zina vyoo vya mboji, na maji yaliyokwisha kuogewa husafishwa kwa kupitishwa kwenye mimea.

Kagua pia mizigo yako isibebe panya, kwa maana wanyama wa kuletwa huangamiza ndege wa visiwani. Kisiwani Stephens, New Zealand, paka waliofika baada ya mnara kujengwa walichangia kummaliza ndege mdogo asiyeruka, aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 1894 akiwa tayari anatoweka. Lundy, kisiwa cha Uingereza ambako mnara wa zamani sasa hulaza wageni, kilisafishwa panya na kutangazwa huru mwaka 2006, na ndege wa baharini wanaotaga mashimoni wameongezeka sana. Usiku shusha mapazia ya vyumba vya kulala, kwa maana mwanga wa dirishani huwapoteza ndege.

Safari yenyewe huamuliwa na bahari. Mawimbi marefu yanayozaliwa na dhoruba ya mbali hufika hata siku ya jua isiyo na upepo, na kwenye gati la mwamba yanaweza kuinua boti na kuishusha zaidi ya kimo cha mtu. Nahodha akisema leo haiwezekani, msikilize. Usikate tiketi ya ndege ya siku ileile unayotoka kisiwani, beba dawa zako za siku kadhaa za ziada pamoja na chakula kikavu, na kabla hujalipa uliza gharama ya usiku wa ziada ni ya nani bahari ikichafuka. Nyumba inayoendeshwa vizuri itakupa jibu hilo kwa maandishi.