Pilipili haina kesi

Mama mmoja muuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, ameacha pilipili kabisa. Vidonda vya tumbo, anasema. Mkobani ana diklofenaki ya magoti na alendroneti, kidonge cha mifupa cha kila wiki.

Pilipili huwasha, haichimbi kidonda. Wachimbaji wakuu ni bakteria Helicobacter pylori, waliotambuliwa Australia mwaka 1982, na dawa za maumivu kama hiyo diklofenaki, zinazodhoofisha ute unaokinga ukuta wa tumbo. Alendroneti nayo huweza kuchubua umio (njia ya chakula kutoka kooni) na tumbo (ndiyo maana humezwa na glasi nzima ya maji, na hulali kwa nusu saa). Dawa hizi mbili zikikutana, hatari hupanda.

Asiache dawa ya mifupa kwa hofu. Amwonyeshe daktari vidonge vyote viwili. Choo kikiwa cheusi kama lami, hospitali siku hiyohiyo.