Spishi vamizi: si kila mgeni ni mvamizi

Jioni hapa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu inatoka na taa zake kwenda kuvua sambaza, wale samaki wadogo. Asubuhi akina mama wanazipima kwa sahani sokoni Kadutu, na saa sita mtu anamega bugali lake akiamini anakula samaki wa mababu. Sivyo. Mzee wa miaka 80 alizaliwa kabla ya sambaza kufika Kivu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walileta vifaranga vyake kutoka Ziwa Tanganyika, kwa kuwa katikati ya ziwa letu kulikuwa na vijidudu vingi vinavyoelea na hakukuwa na samaki wa kuvila.

Basi sambaza ni spishi vamizi? Swali hili nimeulizwa zaidi ya mara moja, na jibu lake ndilo linaloeleza dhana yenyewe.

Wataalamu wanatenganisha maneno mawili ambayo sisi mitaani tunayachanganya. Spishi ngeni ni mmea, mnyama au kidudu chochote kilichohamishwa na binadamu, kwa kusudi au kwa bahati mbaya, kikafika mahali ambapo kisingefika chenyewe. Spishi vamizi ni ile ngeni ambayo, baada ya kufika, inazaana na kuenea mpaka inawadhuru viumbe wa pale. Hii ndiyo maana inayotumika katika Mkataba wa Bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, uliotiwa saini Rio, Brazili, mwaka 1992. Ugeni peke yake si kosa. Muhogo ulitoka Amerika, kwa hiyo hata sombe, mboga ya majani yake, ni mgeni. Mahindi na maharage ni vivyo hivyo. Mkaratusi wa Australia umejaa kwenye vilima vya Kabare na Walungu, na mti wa kinini, ile dawa ya malaria, ulitoka Amerika Kusini. Muhogo hauruki uzio ukaingia msituni kuua miti. Usipoupalilia, wenyewe ndio unaokufa.

(Najua maneno "mgeni" na "mvamizi" yana kidonda hapa Kivu. Kwa hiyo niseme wazi: katika elimu ya viumbe, maneno haya hayahusu watu hata kidogo. Anayeyatoa shambani na kumbandika nayo jirani yake ameacha sayansi, ameingia siasa.)

Turudi kwa sambaza. Madhara yalikuwepo: aina moja ya Daphnia, kijidudu cha majini ambacho kilikuwa chakula kizuri, haikuonekana tena ziwani baada ya samaki hao kuongezeka. Lakini pia maelfu ya familia zimepata kitoweo na karo ya shule. Mimi simwiti mvamizi. Wapo watafiti waliomwita hivyo, na sikatai kwamba wana hoja. Halafu mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, akaonekana Kivu bila mradi wala sherehe, naye anagombea chakula kilekile cha sambaza. Sasa mgeni wa kwanza ndiye tunayemtetea dhidi ya wa pili!

Kuna mfano wa kinyume, na huu ndio unaonisumbua zaidi. Ukitoka mjini kwa barabara ya Kisangani, ukapita Miti na kufika Tshivanga, umeingia Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Ilianzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975 mpaka kilomita za mraba 6,000 hivi, na Watwa waliokuwa wakiishi humo wakaondolewa, jambo ambalo halijaisha hadi leo. Iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1980, na tangu 1997 kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Humo ndimo wanamoishi sokwe wakubwa (gorila) wa nyanda za mashariki, ambao msimu wa machipukizi ya mianzi wanaingia kwenye mianzi kula.

Sasa tazama ile miti kwa makini. Mingine huoni matawi yake kabisa. Imefunikwa juu hadi chini, kama mtu aliyejitanda shuka wakati wa baridi, na shuka lenyewe ni mmea unaopanda, unaoitwa Sericostachys scandens. Jina hilo limeundwa kwa maneno ya Kigiriki ya hariri na suke, na ukiona mashada yake meupeupe yenye manyoya unaelewa kwa nini. Ni wa ukoo mmoja na lengalenga tunayonunua sokoni. Unapanda mti, unatandaza majani juu yake, unazuia jua. Chini yake mche mpya hauoti vizuri, na mwanzi unakosa nafasi.

Ajabu ni kwamba mmea huu ni mwenyeji. Hakuna aliyeuleta kwa meli. Umekuwa kwenye misitu ya milima ya Afrika siku zote. Kilichobadilika ni majirani zake. Katika miaka ya vita tembo wa upande wa milimani waliuawa karibu wote, na watafiti wanahusisha kuenea kwa mmea huu na kupungua kwa wanyama wakubwa waliokuwa wakiula na kuukanyaga. Ongeza miti inayokatwa kwa ajili ya makala (makaa ya kupikia) na mbao: kila mti unapoanguka, jua linafika chini, na mmea unaopenda mwanga unapata mlango.

Kwa maana kali ya mkataba, huu si spishi vamizi, kwa sababu si mgeni. Kwa mtu aliyesimama chini ya mti uliofunikwa, ubishi huo hauna faida. Mimi nauita mwenyeji aliyegeuka mvamizi, na kuukata kwa panga ni kazi ya kuchosha isiyo na mwisho kama yale yaliyoufungulia mlango yanaendelea.

Visiwani hali ni kali zaidi. New Zealand haikuwa na mnyama wa nchi kavu anayenyonyesha isipokuwa popo. Ndege kama kiwi walizoea kutembea chini bila woga. Miaka ya 1880 wakaletwa wanyama wadogo wa jamii ya kicheche ili wamalize sungura, ambao nao waliletwa. Wakamaliza mayai na makinda. Sasa nchi hiyo imejipangia kuwaondoa wanyama hao, pamoja na panya na posamu (mnyama mwingine aliyeletwa), ifikapo mwaka 2050. Kwa dunia nzima, ripoti ya jopo la kimataifa la bioanuwai ya mwaka 2023 ilihesabu spishi ngeni zaidi ya 37,000, na zenye madhara zikiwa zaidi ya 3,500 tu.

Mvamizi si lazima aonekane kwa macho. Mnyauko wa migomba unaletwa na bakteria aliyejulikana kwanza Ethiopia. Mwaka 2001 alionekana Masisi, kisha akashuka mpaka huku kwetu. Majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizipasua ndani ni za kahawia. Kata shina, usaha wa manjano unatoka. Hiyo ndizi hata kwa kasiksi, pombe ya ndizi, haifai. Ugonjwa unabebwa na wadudu wanaotua kwenye ua la kiume, na unabebwa na panga. Ndiyo maana wagani, wataalamu wanaowashauri wakulima, wanasema ua hilo livunjwe kwa kijiti chenye panda, mgomba mgonjwa ung'olewe, na panga lipitishwe motoni kila baada ya mgomba mmoja.

Nilikuwa kwa mzee mmoja huko Kabare, anapogoa. Alimaliza mgomba uliokuwa na manjano, akageukia wa pili uliokuwa mzima.

"Mzee, panga umelichoma?"

"Nimelipangusa na majani, mwanangu. Angalia, linang'aa."

Nikamwonyesha tone la usaha lililobaki pale chuma kinapoingia kwenye mpini. Alilitazama kwa muda, akaliinua panga juu ya kichwa kama mtu anayebeba kitu cha moto, akamwita mjukuu wake alete kiberiti.