Kiganja Kilichopungua: Tuisome Surat Al-Mutaffifin

Surat Al-Mutaffifin ni sura ya 83 ya Qur'ani, ina aya 36, na imo katika Juzuu Amma, juzuu ya mwisho, ambayo watoto wetu huihifadhi chuoni wangali wadogo. Wengi tunaijua kwa ulimi tangu hapo. Maana yake ndiyo tunayoichelewa.

Inaanza kwa onyo: ole wao wapunjao! Neno mutaffif limetokana na tafif, kitu kidogo cha kupuuzwa. Mpunjaji haibi gunia, anaiba kiganja, na kwa kuwa ni kiganja tu hajihesabu kuwa mwizi.

Aya ya 2 na ya 3 zinamchora: akijipimia kwa watu hudai atimiziwe, akiwapimia wao hupunguza. Wanazuoni wametofautiana kama sura iliteremka Makka au Madina. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, amepokewa akisema kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wa huko wabaya mno katika vipimo; sura ikateremka, nao wakatengenea. Mpunjaji huyo kwetu tunamjua. Shambani hununua mahindi kwa lumbesa, gunia limeshindiliwa mpaka limeota kilemba; mjini huuza kwa kopo lililobonyezwa kitako. Kinachokemewa hapa si mizani mbovu. Ni moyo wenye vipimo viwili, kimoja cha kupokelea na kingine cha kutolea.

Ndiyo maana aya ya 4 haitaji bei wala faida. Inauliza: hivi hao hawadhani kwamba watafufuliwa? Hapa huwa nawasimamisha wanafunzi wangu kwa muda. Limetumika neno "kudhani". Hata dhana tu ya siku ambayo watu watasimama mbele ya Mola wa viumbe vyote ingetosha kuuzuia mkono usipunguze.

Kisha sura inataja Sijjin, yaliko maandiko ya waovu, na katika aya ya 14 inaeleza mtu anavyofika huko: yale waliyokuwa wakiyachuma yametia kutu juu ya nyoyo zao. Katika Hadithi ya Abu Hurayra, mja akikosea hutiwa doa jeusi moyoni. Akitubu husafishwa, akirudia huongezeka mpaka moyo ukafunikwa wote. Kiganja kwa kiganja, kama alivyopunja.

Upunjaji hauishii dukani. Imam Malik amepokea kwamba Umar bin Al-Khattab alikutana na mtu aliyekosa swala ya Alasiri, yule akatoa udhuru, Umar akamwambia, "Umepunja." Malik akaongeza kwamba husemwa kila kitu kina kutimiza na kupunja. Basi na mwajiri anayedai saa zote za kazi huku akikata ujira yumo, sawa na mfanyakazi anayepokea mshahara kamili kwa kazi nusu.

Wema nao wana Illiyyin, yaliko maandiko yao, na kinywaji kilichozibwa kwa miski. Sura inamalizia kwa waliokuwa wakiwakonyezea na kuwacheka waumini. Siku ya Kiyama waumini ndio watakaocheka.

Huulizwa sana: aliyekwisha kupunja afanye nini? Istighfari, yaani kumwomba Mungu msamaha, peke yake haitoshi, kwani hii ni haki ya mja. Awarudishie wenyewe au awaombe wamsamehe. Asipoweza kabisa kuwapata, akadirie alichochukua akitoe sadaka kwa niaba yao, na kopo lile aliondoe dukani leo.