Wiki ile kabla ya hedhi: maswali ninayoulizwa dirishani

Mimi ni mfamasia. Swali hili haliulizwi kwa sauti. Mwanamke husubiri foleni iishe, anasogea dirishani, ananunua Panadol ambayo wala siyo iliyomleta, ndipo anainama na kuuliza: "Dokta, kuna dawa ya hasira?" Nikimuuliza hasira hizo huja lini, mara nyingi jibu ni lilelile: siku chache kabla ya kuingia kwenye siku zake. Haya ndiyo maswali yanayofuata hapo, pamoja na majibu ninayotoa nikipata nafasi ya kukaa na mtu.

Wiki moja kabla ya hedhi nakuwa mtu mwingine. Nawafokea watoto kwa jambo dogo, nalia peke yangu chooni, nyumbani wanasema nina kisirani. Damu ikitoka siku mbili tu, narudi kuwa mimi. Hii ni tabia yangu?

Hapana, dada. Mtu mwenye hasira za kuzaliwa nazo anazo tarehe 3 na anazo tarehe 20. Zako zinakuja kwa zamu na kuondoka kwa zamu, na zamu hiyo inafuata mzunguko wa hedhi.

Wanawake wengi huona mabadiliko fulani siku hizo: matiti kujaa na kuuma, tumbo kuvimba, hamu ya vitu vitamu, uchovu, kukereka upesi. Hayo huvumilika, na mtu anaendelea na shughuli zake. Lakini wapo wachache, kati ya 2 na 6 katika kila wanawake 100 kwa makadirio mengi, ambao hali huwa nzito kiasi cha kuharibu kazi, ndoa na malezi. Hali hiyo nzito huitwa PMDD, kifupi cha jina la Kiingereza premenstrual dysphoric disorder, nami nitaiita hivyo. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliiingiza kwenye mwongozo wake kama ugonjwa kamili mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Pwani wapo wanaoambiwa wana jini anayepanda kila mwezi. Sibishani na imani ya mtu. Ninachosema ni kwamba kisomo hakimzuii mtu kwenda hospitali, na kwamba nimewaona waliohangaika miaka mingi kabla hajatokea hata mmoja wa kuwauliza tarehe.

Basi homoni zangu zimezidi? Nikapime?

Kipimo cha homoni hakitakuonyesha kitu. Wanawake wenye PMDD kwa kawaida wana homoni kiasi kilekile walicho nacho wengine. Mwaka 1998 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walitumia sindano kuzima kwa muda kazi ya ovari za wanawake wenye tatizo hili, na wengi wao wakapata nafuu. Waliporudishiwa estrojeni na projesteroni, dalili zikarudi. Wanawake wasio na tatizo walipopewa mambo yaleyale hawakubadilika.

Kwa hiyo tofauti iko kwenye ubongo unaozipokea homoni hizo. Baada ya yai kutoka, projesteroni hupanda, kisha hushuka hedhi inapokaribia. Sehemu yake hugeuzwa mwilini kuwa kemikali iitwayo alopregnanoloni, ambayo kwa wengi hutuliza ubongo. Kwa mwenye PMDD, kupanda na kushuka kwake kunamvuruga badala ya kumtuliza. Serotonini nayo, kemikali inayohusika na hisia na usingizi, inaguswa. Ndiyo maana tatizo hutoweka wakati wa ujauzito na baada ya hedhi kukoma kabisa, kwa kuwa hakuna yai linalotoka. Ile miaka michache kabla ya kukoma, hedhi inapoanza kuyumba, ndipo wengine huzidiwa.

Nitajuaje kwa hakika kuwa ni PMDD?

Nunua daftari. Nasema hivi kwa kila anayenisikiliza, na wengi hukunja uso kwa sababu walikuja kutafuta kidonge. Lakini hakuna kipimo cha damu wala picha ya kuonyesha PMDD. Kipimo chake ni daftari hilo, linaloandikwa kila siku kwa mizunguko isiyopungua 2.

Kila usiku kabla ya kulala, jipe alama kuanzia 1, yaani sikuona kabisa, hadi 6, yaani ilinizidi. Andika alama ya hasira, ya huzuni au kukata tamaa, ya wasiwasi, na ya hisia kubadilika ghafla. Ongeza usingizi, hamu ya kula, uchovu, kushindwa kutuliza akili, kujitenga na watu, kuhisi umezidiwa, na maumivu ya mwili. Weka duara kwenye siku za damu. Ikiwa kuna siku ulishindwa kwenda kazini, au uligombana na mtu, iandike. Ukihofia daftari litasomwa, tumia simu yako yenye namba ya siri, au andika kwa alama unazozijua wewe.

Usiandike kwa kukumbuka mwisho wa mwezi. Ukiulizwa siku ya tabu, utasema mwezi mzima ulikuwa wa tabu. Ukiulizwa siku njema, utasema labda nilikuza mambo.

Baada ya miezi miwili, tazama wiki ile inayofuata hedhi. Kama alama zake ni ndogo, 1 na 2, na zinapanda tena kabla ya hedhi nyingine, picha ni ya PMDD. Daktari atatafuta dalili zisizopungua 5, mojawapo iwe ya hisia, na atataka kuona kwamba zinavuruga maisha. Lakini kama hakuna wiki safi hata moja, yaani huzuni ipo mwezi mzima na inazidi tu hedhi inapokaribia, basi huenda ni sonona au tatizo jingine linalochochewa na hedhi, na tiba yake hupangwa tofauti. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo nayo huchosha na kukera mtu, hayo hupimwa.

Daktari ameniandikia fluoksetini. Nimesikia hiyo ni dawa ya wagonjwa wa akili. Nitaizoea?

Wengine hupokea cheti hiki, wakafika mlangoni, wakakikunja na kukitia mkobani. Naomba usikikunje.

Ni kweli fluoksetini hutumika kutibu sonona. Pia ni mojawapo ya dawa zilizothibitika vizuri zaidi kwa PMDD. Marekani iliidhinisha kwa kazi hii mwaka 2000. Setralini ni ya kundi lilelile na hutumika pia. Zaidi ya nusu ya wanaozitumia hupata nafuu ya kuonekana.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni hili: kwenye sonona mtu husubiri wiki kadhaa kabla ya kuona matokeo, ila kwenye PMDD nafuu huja ndani ya siku chache. Ndiyo maana inawezekana kumeza kwa nusu mwezi tu. Kwa kawaida ni fluoksetini miligramu 20 mara moja kwa siku, ama kila siku ya mwezi, ama kuanzia takriban siku 14 kabla ya hedhi unayoitarajia hadi damu inapoanza. Wapo wanaoanza dalili zinapojitokeza. Utaratibu upi ukufae, amua na daktari. Mwenye mzunguko unaoyumba hupata shida kuhesabu zile siku 14.

Haileti ulevi wala uraibu kama wa pombe. Lakini aliyeimeza kila siku kwa muda mrefu asiikate ghafla, apunguze kidogokidogo kwa maelekezo. Maudhi yake ni kichefuchefu siku za mwanzo, kichwa kuuma, usingizi kuvurugika, na hamu ya tendo la ndoa kupungua. Hili la mwisho watu huona haya kulisema, wakaacha dawa kimyakimya. Liseme, kwa kuwa dozi au utaratibu unaweza kubadilishwa.

Kabla ya kuanza, mweleze daktari kama umewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, siku kadhaa bila kulala wala kuchoka, maana dawa hizi zinaweza kuvichochea. Mweleze kama una mimba au unaitafuta. Usichanganye na tramado, ile dawa ya maumivu. Walio chini ya miaka 25 wafuatiliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwani baadhi hupata mawazo ya kujidhuru. Ni dawa ya cheti. Usinunue kwa sababu jirani ilimfaa.

Na tafadhali, usitulize siku hizo kwa vidonge vya diazepamu. Hivyo ndivyo vinavyozoeleka.

Vidonge vya uzazi wa mpango vinasaidia? Mimi natumia sindano.

Vipo vinavyosaidia, si vyote. Vilivyothibitika kwa PMDD vina homoni iitwayo drospirenoni miligramu 3 pamoja na estrojeni kidogo, humezwa siku 24 na kupumzika 4. Vile vinavyotolewa sana kliniki vina homoni nyingine, na kwa PMDD havina ushahidi wa namna hiyo. Vidonge vyote vyenye estrojeni havifai kwa mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na miale machoni, au mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu za vidonge hivyo.

Sindano ya miezi 3 na kijiti zina projestini peke yake, yaani homoni ya kutengenezwa inayofanana na projesteroni. Wengine hawaoni tofauti yoyote, wengine hisia huharibika zaidi. Kama kisirani kilianza baada ya sindano, rudi kwa aliyekuchoma na umweleze. Usiache tu bila njia nyingine, ukaishia kupata mimba usiyoitaka.

Mimi sitaki vidonge. Dawa za asili zipi zinafanya kazi?

Naanza na inayoaminika zaidi, nayo ni kalsiamu. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998, uliohusisha wanawake 466, waliopewa miligramu 1,200 kwa siku dalili zilipungua kwa asilimia 48 kufikia mzunguko wa tatu; waliopewa kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani, zilipungua kwa asilimia 30. Tazama hiyo 30, inaonyesha kwa nini karibu kila dawa ya sokoni ina mtu anayeapa kuwa ilimponya. Utafiti ule ulihusu dalili za kabla ya hedhi kwa jumla, siyo PMDD peke yake. Hata hivyo kalsiamu inapatikana jikoni: glasi ya maziwa au mtindi ina karibu miligramu 300, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni hazina. Mchicha unayo, ila mwili huipata kwa shida. Ukinunua vidonge vya kalsiamu, usivimeze pamoja na vya kuongeza damu. Anayetumia dolutegraviri, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, avimeze vyote viwili pamoja na chakula, au atangulize dolutegraviri kwa masaa 2.

Vitamini B6 huenda ikasaidia kidogo. Usipite miligramu 100 kwa siku. Ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva, miguu ikafa ganzi.

Kuna mti uitwao Vitex agnus-castus unaotumika sana Ujerumani, na una tafiti nzuri kiasi. Ni ndugu wa mfudu wetu wenye matunda meusi, lakini si mti uleule, kwa hiyo kutafuna fudu si tiba. Asiutumie mjamzito.

Hypericum perforatum, mmea ambao kwa Kiingereza huitwa St John's wort, ndiyo inayonitia hofu. Huuzwa mtandaoni kama dawa ya asili ya huzuni, nayo hupunguza nguvu za dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na za vidonge vya uzazi wa mpango. Ikichanganywa na fluoksetini inaweza kuhatarisha maisha. Anayetumia mojawapo ya hizo asiiguse.

Tangawizi hupunguza maumivu ya tumbo la hedhi; kwa hasira sina ahadi ya kukupa. Unga na vidonge vya "kusafisha kizazi", hasa vile vya kuweka ukeni, acha. Kizazi hakina uchafu unaosababisha kisirani, na vitu hivyo huleta michubuko na maambukizi.

Kutembea haraka nusu saa karibu kila siku, kulala mapema na kupunguza pombe vinasaidia, japo kwa PMDD nzito peke yake havitoshi. Tiba ya mazungumzo kwa mtaalamu wa saikolojia ina ushahidi mzuri, na faida yake hudumu hata baada ya vikao kwisha.

Mimi ni mume. Nifanye nini?

Shemeji, zijue tarehe. Mambo mazito ya fedha na ndugu yasubiri wiki nyingine, na siku hizo chukua watoto, mpe nafasi alale. Usimwambie "umeanza tena yale mambo yako" katikati ya ugomvi, hata kama ni kweli. Yaongeeni wiki iliyo shwari.

Siku hizo huwa natamani kufa. Zikipita naona aibu hata kulitaja.

Litaje leo, kwa mtu mmoja unayemwamini. Wenye PMDD wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kujiua kuliko wanawake wengine, na kwamba wazo hupita damu ikianza hakulifanyi kuwa dogo. Usisubiri miezi miwili ya daftari. Nenda hospitali sasa. Siku zile zikikaribia, mpe mtu mwingine akutunzie dawa zilizomo ndani na sumu za shambani, na usilale peke yako.

Nikifika kwa daktari niseme nini? Mwaka jana niliambiwa "ni mambo ya wanawake, yatapita".

Weka daftari mezani kwanza, halafu sema: "Dokta, nimeandika kila siku kwa miezi miwili. Dalili zinaanza hapa, zinaisha hapa, na siku hizi tatu sikuweza kwenda kazini. Naomba unisaidie kujua kama ni PMDD." Akikurudishia bila kulifungua, omba rufaa ya kliniki ya magonjwa ya akina mama au ya afya ya akili, nenda na daftari hilohilo, na uendelee kuliandika hata baada ya kuanza dawa, ili muone wote kama alama zinashuka.