Doxazō: kitenzi cha "kutukuza" katika Kigiriki cha Agano Jipya

Kitenzi doxazō, ambacho Biblia za Kiswahili kwa kawaida hukifasiri "kutukuza", kimeundwa kutokana na nomino doxa, nayo nomino hiyo ina asili moja na kitenzi dokeō, yaani kudhani au kuonekana. Kwa mwanafalsafa Plato na wenzake wa Athens, doxazō ilikuwa kuwa na maoni juu ya jambo pasipo kulijua kwa yakini. Maana hiyo haimo katika Agano Jipya. Waliogeuza mambo ni Wayahudi waliotafsiri Maandiko ya Kiebrania kwa Kigiriki, kazi iliyoanza Aleksandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo na kujulikana kama Septuaginta. Kwa kuwa doxa ilikwisha kumaanisha pia maoni mema ya watu juu ya mtu, yaani sifa yake, waliitumia kufasiri kavod, neno la Kiebrania ambalo mzizi wake ni uzito, na ambalo hutaja heshima ya mwenye cheo na vilevile fahari ya Mungu anapojidhihirisha.

Kisarufi, doxazō ni kitenzi elekezi, na ili kukielewa inafaa kuuliza kwanza ni nani anayemtukuza nani. Mtenda akiwa mwanadamu na mtendwa akiwa Mungu, kama wachungaji wa Luka 2:20 waliorudi wakimtukuza Mungu (doxazontes), maana yake ni kusifu na kukiri ukuu ambao Mungu tayari anao. Mtenda akiwa Mungu, kitenzi kinabeba zaidi ya sifa, kwa maana Mungu humpa mtu heshima au huudhihirisha utukufu wake. Katika Warumi 11:13 Paulo anaitukuza huduma yake mwenyewe, na hapo ni kuiheshimu tu, bila fumbo lolote.

Injili ya Yohana ndiyo inayokitumia kitenzi hiki kuliko kitabu kingine chochote cha Agano Jipya, tena mara nyingi katika kauli ya kutendwa. Yohana 7:39 inasema Yesu alikuwa bado hajatukuzwa (edoxasthē) bila kumtaja mtenda, ingawa 13:32 inaweka wazi kwamba mtenda ni Mungu. Jambo la kushangaza ni kwamba saa ya kutukuzwa inapotangazwa katika 12:23, mstari unaofuata unazungumzia chembe ya ngano inayokufa ardhini. Kwa Yohana, basi, kutukuzwa kwa Yesu hakungoji msalaba upite, bali kunaanzia hapo hapo, na msomaji anayelisikia neno hili kama shangwe peke yake atakuwa amekosa nusu ya maana.

Yohana 12:28 inaonyesha maumbo matatu ya kitenzi hiki kwa mkupuo: doxason, umbo la amri, "litukuze jina lako", kisha jibu kutoka mbinguni, edoxasa, "nimelitukuza", na doxasō, "nitalitukuza". Katika jibu hilo Kigiriki hakikutaja tena jina wala kuweka kiwakilishi chake. Kiambishi -li- kinachosimama kabla ya mzizi -tukuz- kimeongezwa na Kiswahili.

Umbo edoxasa ni aoristi, mojawapo ya nyakati za kitenzi cha Kigiriki, na hapa tahadhari inahitajika, kwa sababu mahubiri mengi hudai kwamba aoristi humaanisha tendo lililofanyika mara moja tu na kwa wakati wote. Sivyo. Aoristi hulitazama tendo zima kwa jumla, bila kusema lilidumu muda gani au lilirudiwa mara ngapi. Anayetaka kuonyesha hali iliyofikiwa na kubaki hutumia hali timilifu, kama dedoxasmai ya Yohana 17:10, "nimetukuzwa ndani yao", ambapo silabi ya kwanza de- ndiyo alama yake. Kwa hiyo Paulo anapoandika katika Warumi 8:30 kwamba wale waliohesabiwa haki Mungu "aliwatukuza" (edoxasen), ilhali katika mstari wa 18 ameuita utukufu huo jambo litakalofunuliwa baadaye, aoristi peke yake haitoshi kueleza ujasiri wake. Ni mnyororo mzima wa vitenzi, kuanzia kuchaguliwa tangu asili na kuitwa, unaomruhusu kulitaja la mwisho kana kwamba limekwisha kutendeka.