Mkataba wa Wamaasai haukuwa lizi

Juzi tena kwa matatu nimesikia mtu akisema Wamaasai waliwakodishia wazungu Laikipia miaka 100, lizi ikaisha 2004, sasa mbona hawarudishiwi. Najua anatetea haki na mimi niko upande wake, lakini hilo neno lizi linawaumiza walewale anaowatetea.

Mkataba ni makubaliano yaliyoandikwa, basi. Asili yake ni Kiarabu, mzizi mmoja na kitabu, katibu na maktaba, zote za kuandika. Shida ni kwamba sisi tunatumia neno hilo moja kwa mambo mawili: mkataba wa nyumba na landlodi wako, akiuvunja unampeleka kortini, na mkataba wa dola na dola, yaani nchi na nchi, ambao korti ya kawaida haiugusi. Wamaasai waliumizwa hapo hapo.

Karatasi ya 1904 waliyotia alama kina Olonana, laiboni wa Wamaasai, kwa serikali ya kikoloni ya Mwingereza haina miaka 100 popote. Walitolewa Bonde la Ufa, huko Naivasha na Nakuru, wakaahidiwa Laikipia na eneo la kusini, na barabara ya kuunganisha pande hizo mbili, na pia eneo la Kinangop lisilozidi maili 5 za mraba la kufanyia jando, na yote yadumu maadamu Wamaasai wapo. Yaani Laikipia ndiyo walibakishiwa! Halafu 1911 ukaletwa mkataba mwingine wa kuwatoa hukohuko, miaka 7 tu baadaye.

Mmaasai mmoja, Ole Njogo, na wenzake wakaishtaki serikali hiyo. Uamuzi wa 1913 ukasema hii sio kontrakti, ni mkataba wa dola na dola, nyinyi sio raia wa mfalme wa Uingereza ni watu wa nchi ya kigeni, kwa hivyo korti haina uwezo. Rufaa Mombasa ikasema vilevile. Siku ya kuhamishwa walikuwa watu wa kuamriwa na serikali, siku ya kudai wakageuzwa dola, hilo ndilo linalonichoma mimi kila nikilifikiria.

Lizi zilikuwepo, ila zilikuwa za masetla, yaani walowezi wa kizungu, na walipewa na serikali: sheria ya ardhi ya 1902 ikaruhusu miaka 99, ya 1915 ikafika 999. Mmaasai hakuwa landlodi wa mtu.

Kwa hivyo ndugu yangu, ukisema lizi iliisha 2004 unakubali kwamba kabla ya hapo wazungu walikaa kihalali. Sema mkataba uliovunjwa 1911.