Hostingi ya bure: kabla hujajisajili, jua utatokaje

Watu wananiuliza sana eti hosti gani ya bure ni nzuri, yaani kampuni ya kukuwekea websaiti yako mtandaoni bila kulipa, na mimi huwa sipendi kujibu kwa kutaja jina moja tu, manake hosti iliyo nzuri leo mwakani inaweza isiwepo kabisa. GeoCities, hosti ya bure ya zamani, ilinunuliwa na Yahoo mwaka 1999 kwa zaidi ya dola bilioni 3.5, ilikuwa na mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida, ikazimwa Oktoba 2009. Heroku, hosti nyingine, ilikuwa kimbilio la wanafunzi wa kompyuta kila kona, Novemba 2022 wakafuta mpango wa bure. 000webhost, ambayo wengi tuliokuwa tunajifunza PHP (lugha ya kuandikia programu za websaiti) tulipitia huko, imefungwa 2024, na hata kabla ya kufungwa ilishavuja mwaka 2015, akaunti zaidi ya milioni 13, na paswedi zilikuwa zimewekwa hivi hivi kama mtu alivyoziandika. Kama paswedi uliyotumia kule ndo bado unaitumia kwenye imeili yako, tafadhali kaibadilishe leo hii hii.

Kwa hiyo swali langu la kwanza siku zote ni: nikitaka kuhama kesho asubuhi, natokaje? Mengine yote, sijui nafasi kiasi gani, sijui paneli nzuri, yanakuja baadaye.

Na kutoka kunaanzia kwenye jina. Ukikaa kwenye anwani ya hosti, ile ya dukalangu-nukta-jina-lao, umejenga nyumba ya tofali kwenye kiwanja cha kuazima, siku wakikufukuza kadi ulizochapisha, linki ulizotuma kwenye magrupu ya WhatsApp, nafasi yako Google, vyote vinabaki kwao. Alafu kuna jambo watu hawalijui, anwani za bure matapeli wanazipenda sana kwa kurasa za kuiba paswedi, sasa jina la hosti likishachafuka na wewe usiye na kosa linki yako inaanza kupigwa onyo kwenye brauza au inagoma kupostiwa Facebook. Nunua domeini yako, yaani jina la websaiti lililo lako mwenyewe, iwe .co.tz, .co.ke au .com, gharama yake ya mwaka ni ndogo, na isajiliwe kwa jina lako na imeili yako, sio ya fundi aliyekutengenezea. Hapa ndo sehemu ya kwanza nasema usitafute cha bure. Zile .tk, .ml na .ga za kampuni ya Freenom zilikuwa za bure kweli ila kisheria hazikuwa mali yako, ulikuwa mtumiaji tu, na 2023 Freenom wakaacha kusajili, Gabon wakachukua .ga yao na mamilioni ya majina yakafutika. Mtu aliyekuwa na websaiti pale hakuwa na pa kulalamikia.

Sasa hosti yenyewe. Jiulize nani anailipia. Seva, ile kompyuta inayobeba websaiti yako, inakula umeme kila siku, kuna mtu analipa, na ukishamjua unajua na atakuchoka lini. GitHub, Cloudflare na Google wanaishi kwa wateja wakubwa na wewe mdogo huwaumizi kitu, hao wanaweza kukubeba muda mrefu. Hosti ambayo haina bidhaa yoyote ya kuuza na wala huoni matangazo mahali popote, hiyo ikimbie, manake hapo bidhaa inaweza kuwa data zako au wanachomeka matangazo yao kwenye kurasa zako bila kukwambia.

Kama websaiti yako ni kurasa za kusoma tu, yaani shule, kanisa, msikiti, fundi seremala anayeonyesha kazi zake, hoteli ndogo ya Jambiani yenye picha na namba ya simu, basi huhitaji PHP wala databesi (ghala la data) na mtu asikudanganye. GitHub Pages inakupa saiti ya hadi GB 1 na data kama GB 100 kwa mwezi, kwa ukurasa wa MB 2 hiyo ni kama kufunguliwa mara 50,000, shule gani ya msingi inafika huko. Ila soma masharti yao, hawataki uendeshee duka la mtandaoni pale, na hosti ya Vercel nao mpango wao wa bure ni wa mambo binafsi tu, sio biashara. Kwa biashara mimi naenda Cloudflare Pages, hawahesabu data inayopita kwa kurasa za namna hii, kikomo ni mafaili 20,000 na kila faili lisizidi MB 25, na wana vituo Mombasa, Nairobi na Dar kwa hiyo mara nyingi ukurasa unatoka karibu. Vyeti vya HTTPS (SSL), vya kuzuia mawasiliano yasisomwe njiani, vinakuja bure na vinajihuisha vyenyewe. Hosti yoyote ambayo leo inakutoza pesa ya SSL ya kawaida wakati shirika la Let's Encrypt wanagawa bure toka 2015, mimi naipita moja kwa moja.

Kwa anayeandika habari tu na hataki kugusa kodi za programu (code), Blogger ya Google (Blogspot) bado ipo na bado inafanya kazi, mpiga picha Issa Michuzi alianzia Blogspot 2005 na blogu yake ikasomwa na Watanzania dunia nzima. Unaunganisha domeini yako bila kulipa na kuna sehemu ya kushusha bekapu ya maandishi yako yote. Sio ya kisasa, sawa, ila mlango wa kutokea upo wazi.

Penye shida ni pale mtu anapotaka WordPress (programu ya kutengenezea websaiti, inaendeshwa kwa PHP) au duka lenye malipo bure. Hosti za PHP za bure zipo, InfinityFree kwa mfano wanatoa GB 5 na hiti 50,000 kwa siku, na hiyo namba ukiiona unafurahi mpaka uelewe hiti sio mtu. Kila picha, kila faili la CSS (la mwonekano), kila fonti ni hiti moja. Ukurasa wa WordPress wenye templeti nzito unaweza kuvuta mafaili 50, kwa hiyo 50,000 zako ni kurasa 1,000 tu kufunguliwa, ukijumlisha na roboti zinazozunguka usiku kucha umebaki na pungufu ya hapo.

Na malipo ndo kabisa. Ukitumia Daraja ya Safaricom, huduma ya kuunganisha websaiti na M-Pesa, mteja akishaweka PIN ya M-Pesa, seva zao zinatuma jibu kwenye anwani uliyowapa. Hosti nyingi za bure zimeweka ukaguzi mlangoni, kila anayekuja lazima aendeshe kipande cha JavaScript (programu ndogo ndani ya brauza) na apokee kuki (alama ndogo ya utambulisho) ndo aruhusiwe, nia ni kuzuia roboti. Seva ya Safaricom sio brauza, haiendeshi JavaScript, kwa hiyo jibu linaishia mlangoni. Mteja kakatwa hela, kwako oda inasoma haijalipwa, na wewe unakesha unatafuta kosa kwenye kodi ambayo haina kosa. Kama unapokea pesa za watu, lipia hosti, hata ile ya bei ya chini kabisa. Pesa ya mtu isikwamie kwako kwa sababu ulitaka kuokoa elfu kadhaa.

Wanaoandika programu kwa Node au Python wanapenda hosti ya Render. Nzuri kwa kuonyesha kazi, ila seva ya bure inalala ikikaa dakika 15 bila mgeni na kuamka inachukua kama dakika nzima, na databesi yao ya bure inakwisha muda baada ya siku 30. Usiweke humo data za chama cha kuweka na kukopa jamani.

Halafu kadi ya benki. Ikiwa ni bure na wanataka kadi, jua kwanza ukivuka kikomo wanakuzima au wanakutoza. 2024 kuna mtu aliletewa bili ya hosti ya Netlify dola 104,000, saiti ndogo tu ya bure, mtu alilishambulia faili moja la wimbo kwa kulishusha mara nyingi mno. Kampuni ilimfutia, baada ya kelele nyingi mtandaoni. Mimi nachagua anayezima.

Ukishachagua ijaribu kabla hujamtangazia mtu. Weka saiti, ifungue kwenye simu ya bei rahisi kwa data ya mtandao mwingine na sio WiFi yako, alafu shusha kila kitu, mafaili na databesi, ukapandishe kwa hosti ya pili. Ukishindwa kushusha, umeshajua. Bekapu ikae kwenye kompyuta yako na sehemu nyingine moja, sio kwenye folda ya hosti ile ile. Na kwenye DNS ya domeini (mipangilio inayoelekeza jina lako kwenye hosti), siku moja kabla ya kuhama shusha TTL (muda ambao mtandao unakumbuka anwani ya zamani) mpaka sekunde 300, hosti ya zamani iache iendelee kuwaka siku mbili tatu, wageni wengi hata hawatajua umehama.